Mgongo wa Baba

Viatu vyake vya mbio vilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, soli zikitazama dari, gundi bado mbichi, binti yangu alipoingia bila salamu na kuvichukua. Nilimwambia asubiri ikauke. Hakusubiri.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha mapema, na mambo ya wasichana niliyajua kwa kuchelewa, kwa kuwa mke wangu alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na nne, kila mwezi alikuwa na siku ya kujikunja kitandani kama ngozi iliyosahauliwa juani. Nikadhani anakwepa shule. Nilimwita mvivu, tena kwa ukali.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenifumbua macho. Alisema wasichana wengi hupata nafuu ya maumivu ya hedhi wakizoea mazoezi mepesi, kutembea na kujinyoosha. Si jambo la siku moja, akaonya, na maumivu yakizidi turudi kwake.

Binti alikubali kwa sharti moja: asijue mtu. Lakini baba na binti wakitembea kila alfajiri, mtaa utauliza. Basi tukatunga kwamba ni mgongo wangu. Fundi anayeinama kutwa, nani atabisha? Tulikwenda hadi kwenye matangi ya maji na kurudi, kisha yeye akajinyoosha kwenye sakafu ya karakana, katikati ya mabaki ya ngozi. Majirani waliponipa pole, aliuma mdomo asicheke.

"Mzee, leo unauma upande gani?" alininong'oneza.

Mwezi wa nne wa mazoezi hayo, siku yake ya kwanza ya hedhi ilimkuta amesimama, anapiga pasi sare. Baadaye kutembea kukawa kukimbia, akachaguliwa kwenye timu ya shule ya mbio za kupokezana vijiti.

Mwalimu wa michezo tulimwita Filimbi. Kila Jumamosi alikaa kwenye benchi langu akipiga soga. Jumamosi moja alilalamika kwamba binti amekosa mazoezi mara moja, huenda ni uvivu. Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa langu. Nikamtetea mwanangu, na katika kumtetea nikamwaga kila kitu. Nikamwambia liishie pale. Filimbi akaweka mkono kifuani.

"Fundi, mimi na wewe ni ndugu."

Jumatatu alimtoa binti kwenye timu, wenzake wote wakiwa wamepanga mstari. Baba yako ameshanieleza hali yako, alimwambia, na timu siwezi kuipanga kwa kalenda. Wakacheka, hata wavulana waliokuwa wakicheza mpira kando.

Nilimfuata Filimbi. Akasema alikuwa akimhurumia tu. Nikamwambia benchi langu asilikalie tena, na hajalikalia mpaka leo. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Lakini kabla sijamfuata, Jumatatu hiyo hiyo alipokuja kuchukua viatu, binti alikuwa amesimama mlangoni, gundi ikimganda vidoleni.

"Baba, mgongo ulikuwa wako. Tumbo lilikuwa langu."

Alfajiri iliyofuata nilimgongea. Alikuwa macho, nilimsikia. Hakufungua.

Sasa ni mtu mzima, anaishi mbali. Hunipigia simu, hunijulia hali kwa adabu. Kwamba bado anakimbia, nimeambiwa na shangazi yake.

Nami bado natembea hadi kwenye matangi. Jirani mpya aliniuliza juzi kulikoni, kila alfajiri, peke yangu. Nikamwambia ni mgongo. Siku hizi unauma kweli.