Linachemka Bila Moto

Mwero alipokufa, mkewe Mwanapili hakulia. Watu waliliona jambo hilo wakaliweka. Katika kijiji chao, nyuma ya ufuo wa Diani, neno likiwekwa halichachi. Siku likitakiwa hutolewa likiwa bichi vile vile.

Alikaa eda kama dini inavyoamuru, miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Hakujipaka mafuta, hakujitia wanja, hakuvuka mlango wa ua ila mara moja tu. Jiko lilikuwa ndani ya ua, na choo pia, basi hakuwa na sababu ya kutoka. Ukimwamkia kwa nje alikuitikia. Ukimwuliza hali alisema njema, alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu anayehesabu nazi za mwenziwe.

Watoto wake walikuwa wawili: Kavumbi, msichana aliyekwisha kujua kukuna nazi na kupika wali usioungua, na mdogo wake Rai, aliyekuwa bado anaota meno ya mbele. Hao nao walikuwa wamenyamaza. Walikaa jikoni na mama yao tangu asubuhi, wakiutazama moto. Siku moja Mwanapili aliwatazama wakiutazama moto, akainuka, akachukua sahani, akaimiminia maji.

"Leteni mshumaa," alisema. "Na bilauri ya baba yenu."

Mwero alikuwa mpishi wa Mzungu pale ufuoni kabla ya Uhuru. Mzungu yule alikuwa na watoto, na masika yakishika watoto hawatoki nje. Mama yao huwashughulisha jikoni kwa mshumaa na sahani, kwa yai na chumvi, huku mpishi akiosha vyombo kando yao. Hakuna aliyemfundisha Mwero. Wala haikuwapitia akilini kwamba mpishi naye ana macho. Aliyabeba yote kichwani akaja nayo nyumbani, akayaita michezo ya mvua.

Mwanapili alisimamisha mshumaa katikati ya sahani, akauwasha, akaufunika kwa bilauri. Ulimi wa moto ulinywea, ukafa. Maji yakapanda ndani ya bilauri peke yao, kimya kimya. Rai alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka ndani ya ua ule tangu maiti itoke. Mwanapili alikisikia kicheko kile kama unavyosikia redio ya jirani, akauliza kama wanataka tena.

Basi ikawa kila siku mchezo. Yai lilizama katika maji matupu, likaelea walipotia chumvi nyingi. Kitambaa walichokitia bizari kilikuwa cha manjano, walipokisugua sabuni kikageuka chekundu, walipokikamulia ndimu kikarudi manjano. Mwanapili hakueleza sana, kwa kuwa Mwero hakueleza sana. Aliwaambia tu wabadilishe kitu kimoja, kingine wakiache, kisha waangalie. Kavumbi alipomwuliza moto wa mshumaa umekwenda wapi, alisema umekosa pumzi. Kisha akaendelea kuchagua mchele.

Siku ya mkasa Kavumbi alisema, "Mama, tulivue yai kanzu. Baba alisema tutalivua, kisha akaugua."

Walikamua ndimu mpaka bakuli likajaa nusu, wakatia yai. Papo hapo yai likafanya mapovu madogo pande zote, likawa linajigeuza lenyewe. Rai alipiga kelele kwamba linachemka, na neno hilo likakaa: linachemka. Walilibadilishia maji ya ndimu asubuhi yake, na kesho yake gamba lilikuwa limekwisha. Ikabaki ngozi laini, na kiini kikionekana ndani kama taa nyuma ya pazia. Wakalitia katika maji matupu. Likavimba.

Hapo tumweleze Boga, ndugu yake Mwero.

Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu bendera ipandishwe. Watu waliambiwa ardhi imerudi. Hawakuambiwa imerudi kwa nani. Wapimaji walikuwa wakija kutoka upande wa Msambweni, kijiji baada ya kijiji, wakisimika bikoni zao, vigingi vya saruji vya kuonyesha mpaka. Desturi yao ilijulikana: mwenye shamba husimama mpakani, majirani wawili husema ni lake, jina huandikwa. Asiyesimama haandikwi. Asiye na wa kumsemea haandikwi. Shamba la Mwero lilitoka barabarani likashuka hadi ufuoni, na minazi yote aliipanda mwenyewe. Boga alikuwa amekwisha kulizunguka na tajiri mmoja wa Mombasa aliyekuja kwa gari, akimwonyesha bahari kwa kidole kama aliyeichimba yeye.

Kilichombakia Boga ni mjane. Na mjane yumo ndani, haruhusiwi kutoka, na mwenye kukaa eda hatolewi katika nyumba ya mumewe. Boga alihitaji jambo litakalowafanya majirani wasimsemee.

Jambo lilimfuata kwake. Esha, jirani wa ua kwa ua, aliyekuwa akimtekea Mwanapili maji kila siku, aliingia jikoni kuomba kaa la moto. Aliliona lile yai ndani ya bakuli, halina gamba, limevimba, linang'aa. Alilitupa kaa lake akatoka mbio, na kabla ya kuwaza lolote alikuwa amekwisha kuwaambia watu watatu. Wa tatu alikuwa Boga.

Kila mmoja pale kijijini alijua Mwero alikufa vipi. Tumbo lilijaa maji, likavimba mpaka ngozi ikang'aa. Boga hakuhitaji kusema mengi. Alisema tu, palipokuwa na watu, kwamba yeye si mtu wa maneno, lakini yai halivimbi bure.

Wazee walikuja alasiri. Mzee Waziri, aliyekuwa mzee wa mtaa, na Maalim Abdurahman wa chuoni, na Boga, na watu wengine waliosema wanapita tu. Walikaa kwenye mkeka nje ya mlango wa ua. Mwanapili alikaa ndani, nyuma ya pazia la kanga, kwa kuwa hao si maharimu zake. Waliamkiana vizuri. Waliulizana afya za watoto. Ndipo Mzee Waziri, kwa upole kabisa, akasema wamesikia habari ya yai.

Mwanapili alieleza toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile ya kuhesabu. Jiko la Mzungu, michezo ya mvua, ndimu, gamba. Alisema gamba la yai ni namna ya chokaa, na ndimu huila chokaa, asiyeamini aidondoshee ndimu sakafu yake. Alisema wasipomwamini yeye, mtoto atawafanyia mbele ya macho yao.

Kavumbi alitoka na bakuli la maji ya ndimu na yai bichi aliloliokota asubuhi kwa kuku wao. Aliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo Maalim, shikamoo ami, na hata Boga akaitikia marahaba. Akaliinua yai kila mtu alione gamba lake. Akalitia taratibu kama alivyofundishwa. Wazee waliinama. Mapovu yakatoka.

"Hilo ndilo gamba linaliwa," alisema Kavumbi. Aliona furaha kutazamwa na watu wazima wengi namna ile. "Linachemka. Likichemka hivi mpaka kesho, litakuwa uchi."

Boga alijinyoosha.

"Mmesikia," alisema. "Si mimi. Mtoto wake mwenyewe. Linachemka bila moto."

Mtu mmoja alisogea nyuma ya mkeka. Mzee Waziri alikigusa chombo kwa nje kwa kidole kimoja, akaona baridi, akauondoa mkono upesi. Maji yanayochemka na chombo ni baridi. Kama kingekuwa cha moto angeelewa.

Mwanapili alisema nyuma ya pazia, "Si kuchemka, ni mapovu. Neno ni la watoto."

"Watoto hulipata wapi neno, shemeji?" aliuliza Boga.

Wote walimgeukia Maalim, maana yeye alikuwa na kitabu. Maalim Abdurahman aliziangalia tasbihi zake. Alisema kwamba mambo ya yai hayajui, lakini eda anaijua, na mjane hatolewi mpaka eda iishe. Lilikuwa neno la haki, nalo lilimtosha yeye kulala usingizi. Alikuwa akijua vile vile kwamba mjane mwenye dharura huruhusiwa kutoka mchana, akatetee mali ya mayatima. Hilo hakulisema. Hakuulizwa.

Wakakata shauri. Hawakumhukumu. Walisema ni vizuri watu wajiepushe na ua ule kwa sasa, mpaka mambo yatulie. Na kumuaga pia walimuaga vizuri.

Esha hakuja na maji kesho yake. Kavumbi alichukua ndoo akaenda kisimani mwenyewe, na wasichana wenziwe walimpisha kama anayebeba kitu cha kumwagika. Mwanapili alipika. Alikula kidogo. Rai alimwuliza kama watacheza mchezo, akasema ndio, wakacheza ule wa mshumaa, na yeye alikuwa akiutazama ukuta.

Siku zile zile ndimu ziliadimika. Mtoto aliyetumwa dukani alirudi mikono mitupu. Mwenye duka alisema hata za Kombani zimekwisha, hajui watu wamepatwa na nini, kama ni mafua au ni harusi.

Kavumbi ndiye aliyejua. Aliporudi kisimani jioni aliitua ndoo, akakaa karibu na mama yake.

"Mama, nyuma ya nyumba ya Maalim kuna yai letu."

"Letu limo bakulini."

"Basi ni lingine. Limetupwa kwenye taka, halina gamba. Na kwa Mzee Waziri liko, kuku wanalidonoa. Na kwa mama Esha nimemwona analifukia."

Mwanapili aliacha kupepeta. Uso wake ulibaki kama ulivyokuwa, ila ungo ulikaa mapajani muda mrefu. Walikuwa wamejaribu. Kila nyumba, mlango umefungwa, walikamua ndimu wakatia yai wakakaa kulitazama, na kila nyumba yai lilivua nguo zake, na hakuna aliyevimba tumbo, na hakuna aliyekufa. Sasa walijua wote. Walijua kama anavyojua yeye.

"Basi," alisema. Alilisema mara mbili. Usiku ule alifua ile nguo yake ya eda, akaianika.

Wapimaji walifika asubuhi, na minyororo yao na mwamvuli mkubwa. Mkubwa wao alikuwa kijana wa bara mwenye Kiswahili cha haraka haraka. Boga alikuwa amekwisha kusimama pale mpakani, kanzu imepigwa pasi. Majirani walikuwapo. Kijiji kizima kilikuwapo, maana bikoni ilikuwa kitu kipya.

Hapo Mwanapili alitoka. Eda ilikuwa imebakiza siku chache tu. Alivuka mlango wa ua kwa nguo yake nyeupe, kichwa kimefunikwa, watoto wawili nyuma yake, akapita kati ya watu, nao wakapasuka wakampa njia. Alisimama kwenye mnazi wa kwanza, ule wa barabarani, akauwekea mkono.

"Hili ni la Mwero," alimwambia yule kijana. "Mimi ni mkewe na hawa ni wanawe. Minazi hii ameipanda yeye. Hawa wote wanajua."

Kijana alitazama karatasi yake, akamtazama Boga. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie, ni nani katika majirani atakayesema kwamba shamba ni la mama huyu.

Upepo ulikuwa mdogo. Mtu aliyekuwa karibu na Esha aliweza kunusa ndimu kwenye mikono yake. Esha alikuwa akiitazama miguu yake. Mzee Waziri alikohoa, ikadhaniwa atasema, kumbe ni kohozi. Maalim Abdurahman alikuwa amesimama nyuma kabisa, na tasbihi zilikuwa zikienda. Kama mmoja angesema, angelazimika kusema amejuaje. Angelazimika kusema alifunga mlango akafanya kwake kile alichokiogopa kwa jirani. Ukimya ulikuwa rahisi zaidi. Haukugharimu hata ndimu moja.

Kijana aliuliza mara ya pili. Kisha akauliza kuhusu Boga, na mikono ikainuka.

Bikoni ilisimikwa pale pale. Mwanapili alisubiri mpaka saruji ikashindiliwa, akiutazama udongo kama mtu anayesubiri kaburi lifukiwe vizuri. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango wa ua, akazimaliza siku zake za eda zilizobaki. Zilipoisha alioga, akajitia wanja, akafunga mizigo. Kaka yake wa Mkongani alikuja na punda.

Asubuhi ya kuondoka Kavumbi alilikuta lile yai la mwanzo bado lipo bakulini. Lilikuwa limeanza kunuka. Aliuliza alifanye nini.

"Limwage," alisema mama yake. "Bakuli lioshe, tutalihitaji."

Leo pale pana hoteli. Minazi ya mbele waliikata ili wageni waione bahari. Jikoni mwao hukamuliwa ndimu debe kwa debe, na wapishi ni wajukuu wa wale waliosimama siku ile. Ukiwauliza shamba lilikuwa la nani watakuambia la Boga, imeandikwa. Waulize bibi zao. Wapo wachache hai bado. Waulize ndimu ziliadimika kwa nini mwaka ule.