Gikonyo Anaombwa Arudie

Madaktari walipomkata Gikonyo nusu ya ulimi kwa ajili ya saratani, kijiji kizima cha Gakindu kilimsikitikia isipokuwa mkewe, Kagure. Yeye alisema nusu iliyobaki ingewatosha watu watatu.

Katika kliniki mjini Nyeri, Nyawira, mtaalamu wa matamshi, alimsomea maswali ya kupima jinsi usemi wake mpya unavyoathiri maisha yake.

"Watu hukuomba urudie ulichosema? Kamwe, mara chache, au kila mara?"

"Kamwe."

"Ati?"

"Kamwe!"

Kagure akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. "Baba Beth, wacha uongo. Jana uliitisha chumvi ukaletewa jembe, ukanyamaza."

"Mzee, ukisema huna shida, mazoezi yanaishia hapa," Nyawira akamwonya.

"Sina shida. Niandikie barua kwamba nasema sawasawa, niwaonyeshe watu wa ukoo."

Jumamosi ukoo ungekwenda Kiganjo kwa ruracio, kujadili mahari ya mchumba wa Kinyua, mtoto wa kaka yake. Miaka yote msemaji alikuwa Gikonyo. Sasa kazi walimpa Theuri, mdogo wake, mtu anayekubali bei kabla haijatajwa. Nyawira alikataa kuandika barua.

Jumamosi wenyeji walipoitisha mbuzi themanini, Theuri alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Gikonyo akamvuta koti akamketisha, kisha akasimama yeye.

"Sitini."

Mugo, msemaji wa wenyeji, akawakonyeza wenzake. "Ati mzee amesema nini?"

Theuri akafungua mdomo kutafsiri. Kagure akamkanyaga mguu.

"Nimesema hamsini na tano," akajibu Gikonyo polepole, akiumba kila neno kama alivyofunzwa kliniki.

Wenyeji wakaangua kicheko. "Rudia, mzee, hatujashika!"

"Hamsini."

Kicheko kikakatika. Mugo alitaka kuuliza tena, lakini mkewe akamshika mkono. "Ngai! Nyamaza wewe, atatumalizia mbuzi!"

"Tumekusikia," akasema Mugo haraka. "Vizuri sana. Hamsini."

Njia nzima ya kurudi Theuri alihesabu kwa vidole mbuzi waliookolewa.

Wiki iliyofuata Nyawira akarudia maswali yake.

"Watu hukuomba urudie?"

"Kila mara," akasema Gikonyo, kifua mbele.

"Na inakusumbua?"

"Inawasumbua wao." Akasogeza kiti karibu. "Lakini usiniachishe mazoezi. 'Hamsini' natoa sawa. 'Thelathini' ndiyo inaniteleza, na Desemba tunaenda kuposa Kenol."