Pikapu ya Marehemu

"Chomoa nyingine," alisema Mansuri.

Sufiani akachomoa fyuzi ya taa za mbele. Taa ndogo ya kupimia, ambayo Mansuri alikuwa ameiunga kati ya betri na waya wake, haikuzimika. Akachomoa ya honi. Akachomoa ya waipa. Taa ilikuwa inawaka tu, mchana kweupe, na ufunguo wa gari uko mfukoni mwake.

"Unaona?" Mansuri alisema huku akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Gari limezimwa, halina kazi yoyote, lakini ndani kuna kitu kinakula. Taa hii ikizimika tu, mwizi tumempata."

Gereji yenyewe ilikuwa turubai na benchi kando ya barabara, pale Mafiga, mjini. Mansuri alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa maneno mengi, na pikapu hii alianza kuishika tangu enzi za mwenyewe, Mzee Stambuli. Mwenyewe alifariki mwaka jana. Gari likaenda kwa Sufiani, mtoto wa dada yake, maana kwa Waluguru mali ya mjomba hurudi kwa wapwa. Shehe alijaribu kusema kwamba mjane naye ana fungu lake. Wazee wa ukoo wakamsikiliza shehe kwa adabu zote, wakampa chai, wakamsindikiza hadi barabarani, kisha wakarudi ndani wakamkabidhi Sufiani ufunguo.

Haukupita muda gari likaanza vituko. Lilizimwa jioni likiwa zima kabisa, asubuhi halina hata nguvu ya kukohoa. Betri ikabadilishwa, na mpya nayo ikalala. Sufiani akazoea kuegesha kwenye mteremko tu, pua ikitazama bondeni, ili asubuhi aliachie liporomoke mpaka liwake. Mteremko milimani haukosekani, lakini mtu mzima na akili zake kuzunguka kila jioni akitafuta pa kulilaza gari, jamani, inachosha. Jana lilimzimikia sokoni, mahali tambarare, na mzigo wa ndizi juu. Ndiyo maana leo alikuwa hapa.

"Fyuzi zimekwisha," alisema Sufiani.

"Na taa?"

"Inawaka."

Mansuri aliacha utani. Akalegeza waya wa alternata, ile inayochaji betri, taa ikawaka vilevile. "Basi hakipiti kwenye fyuzi hiki," alisema. "Kuna waya umetoka kwenye betri moja kwa moja." Akainama, akapapasa pembeni mwa betri, vidole vikaibuka na waya mwekundu uliokuwa umejificha chini ya ule mnene.

Sufiani alipouona moyo ulimpiga pa! Aliujua. Aliuvuta mwenyewe, akaupenyeza mwenyewe chini ya zulia, jioni moja alipokuwa na furaha nyingi.

Mansuri aliufuata mpaka nyuma ya kiti, akakuta amplifaya ya muziki imejilaza huko pamoja na spika kubwa ya besi. Kijitaa chake kilikuwa kinawaka kwa mbali. Akachomoa waya. Kule mbele, taa ya kupimia ikazimika.

"Mwizi huyu hapa!" Mansuri alipiga kofi. "Wewe unazima redio, yeye hana habari. Waya wa kumwamsha haukupitishwa kwenye swichi, kwa hiyo yuko macho usiku kucha, anakula tu. Nani kafunga kitu hiki?"

"Gari lilikuja nacho," alisema Sufiani.

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Mansuri akamtazama, kisha akaangua kicheko.

"Mzee Stambuli? Yule aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari kwa kiredio cha betri za tochi, amekiweka mapajani? Acha hizo, Sufi. Sabufa na Mzee Stambuli wapi na wapi!"

Sufiani hakucheka. Alijikalia juu ya tairi kuukuu akawa anaangalia vumbi. Kicheko cha Mansuri kikapungua, kikakoma.

"Nilisikia habari za yule mjane," Mansuri alisema kwa sauti ndogo. "Kwamba amelifunga gari kwa uchawi. Ungeniletea mapema, ndugu yangu."

Hilo la mapema ndilo lililomchoma Sufiani. Kwa sababu kikao cha ukoo alikiomba yeye. Kilifanyika Bigwa, kwa Mzee Hashimu, mkubwa wa ukoo, na Asia, mjane wa Mzee Stambuli, alikuwa uani siku hiyo akiwapikia wali watu waliokuja kumjadili bila yeye kujua. Mzee Hashimu aliuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, gari lilimsumbua marehemu? Hapana. Limeanza lini? Tangu nilipolichukua. Kuna kitu umekibadilisha? Hapo amplifaya ilimpitia Sufiani kichwani. Tusidanganyane, ilimpitia waziwazi, akaiona na waya wake mwekundu. Akaona aibu kuitaja mbele ya wazee, muziki wa besi ndani ya gari la marehemu hata kaburi halijakauka. Akasema hapana.

"Basi kuna mtu roho yake bado imelikalia," ilisema sauti moja kutoka pembeni, na watu wote wakageuza macho kuelekea uani. Sufiani akatazama vidole vya miguu yake. Asia aliitwa, akaambiwa aliachie gari la watu. Akaomba msahafu aapie. Mzee Hashimu akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hapakuwa na haja ya kufika huko. Afadhali angemtukana. Mama wa watu alirudi uani, akapakua wali, akawaandalia, na siku iliyofuata akafunga mizigo yake akarudi kwao Matombo.

Hata alipoondoka gari liliendelea kulala. Wazee wakasema umbali si kitu.

Mansuri alimrekebishia waya, akaupitisha kwenye swichi. Sufiani akaingia, akageuza ufunguo, na gari likaitika mara moja. Ungetegemea afurahi. Alimlipa Mansuri bila kumwangalia usoni.

Alishika njia ya Matombo. Pale Bigwa, Mzee Hashimu alikuwa barazani kwake na wazee wenziwe, wakipiga soga. Aliliona gari, akanyanyua mkono. Sufiani akapunguza mwendo. Mguu ulikuwa tayari juu ya breki. Kisha akajiambia kwamba heri aanze na mwenye kuumizwa, huko ndiko kwenye haki, wazee watafuata. Akapiga honi ya salamu, akapita. Lilikuwa wazo zuri na lilimpoza roho mpaka Mkuyuni, mahali barabara inapoanza kuwa mawe matupu.

Asia alikuwa kando ya barabara, kwenye kigoda, mbele yake beseni la vitumbua limefunikwa kitambaa cheupe. Jua lilikuwa juu. Muuza chapati wa jirani yake alikuwa ameshamaliza na anaosha vyombo. Beseni la Asia lilikuwa limejaa. Sufiani aliegesha gari mbele yake, mahali tambarare, akazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo huko?"

"Hawajambo." Akachuchumaa. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalipotea. "Mama, gari limepona."

"Alhamdulillahi."

"Ilikuwa muziki. Muziki nilioufunga mimi mwenyewe, waya niliuunga vibaya, ukawa unakula betri. Hapakuwa na kitu kingine."

Asia alifukuza nzi kwa pindo la khanga. "Mimi nilikuwa najua hapakuwa na kitu kingine, Sufiani. Hilo ndilo umetoka nalo mjini uje uniambie mimi?"

Sufiani akachora mstari vumbini kwa kidole.

"Mzee Hashimu umemwambia?"

"Bado."

"Bigwa umepita, au siku hizi kuna njia nyingine?"

"Nimepita."

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo," Sufiani alisema. "Alikuwa barazani."

Asia hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Sufiani zaidi. "Huku hawamjui Mzee Hashimu," Asia alisema, "lakini maneno ya kwake wanayo. Felista, mama mmoja wa hapa kijijini, alimtuma mwanawe sukari, mtoto akapitia hapa akanunua kitumbua. Mama yake akaja akakitupa pale, unapaona? Mbele yangu. Akaniambia nisimchukie, ana mtoto mmoja tu."

"Nitawaambia, mama. Leo hii hii nikirudi. Nitawakusanya wote, na shehe awepo, niseme kwa mdomo wangu kwamba niliulizwa nikasema uongo. Wallahi."

Na alikusudia kweli, tusimwonee. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Maishani mwake hakuwahi kuwa na uhakika na jambo kama alivyokuwa na uhakika na hilo. Uso wa Asia ukalegea kidogo.

"Haya," alisema. "Umetoka mbali, na najua hujala."

Akafunua beseni. Vitumbua vilikuwa vimepangwa vizuri, kingo zake za kahawia, harufu ya iliki ikapanda. Akaweka vitatu kwenye kisahani, akamkaribisha kwa mikono miwili. Muuza chapati aliacha kuosha vyombo akawa anatazama.

Mkono wa Sufiani ulinyanyuka, halafu ukasita.

Ilikuwa kidogo tu. Waya aliuona kwa macho yake. Taa iliwaka, ikazimika, Mansuri akamweleza kila kitu, hakukuwa na mahali pa shaka. Lakini mkono ulisita juu ya kisahani, na aliporudisha akili na kuuhimiza uendelee, Asia alikuwa ameshaona.

Alikivuta kisahani kwake taratibu, akachukua kitumbua kimoja, akakimega katikati. Akala nusu mbele yake, akatafuna bila haraka mpaka akameza. Kisha akamnyooshea nusu iliyobaki.

"Kula, baba," alisema. "Mimi nimekwisha kula."