Koleo la Mokeira na Mguu wa Ndama

Sokoni Rangwe walisema kuna mtoto kule Ntimaru aliyekatwa vidole viwili na koleo la kukunja, lile lenye kisu na bisibisi ndani. Wiki iliyofuata vidole vilikuwa vitatu. Hakuna aliyemjua mama yake, lakini mimi habari hiyo ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Halafu wifi yangu Edinah, anayefunga taa za sola Homa Bay, akaja kwetu Lambwe na koleo la aina hiyo hiyo. Zawadi kwa binti yangu, Mokeira.

"Usinitolee macho, mke wa kaka," akacheka. "Umri wake huo wewe ulikuwa unachinja kuku."

"Kisu cha kuku hakijikunji chenyewe kwa vidole."

"Ndiyo maana nimekuja kumfundisha."

Alimfundisha mchana kutwa. Nyosha mkono, zunguka. Mtu akiwa ndani ya duara hilo, usifungue. Kata ukisukuma nje, usivute kwako. Usikimbie nalo. Mimi nikaongeza yangu: shuleni haliendi, na siku ya Sabato halifunguliwi kabisa. Mokeira akasema, "Sawa, Mama," akalitundika kwa msumari.

Sabato moja tukitoka kanisani tulimkuta ndama wetu amelala kando ya ua, mguu wa nyuma umenaswa na waya. Kuna watu hutega swala wanaotoka mbugani. Kila akirusha teke, waya ulizidi kuingia. Mama yake alikufa kiangazi, kwa hivyo huyo ndiye ng'ombe wetu wote. Mume wangu alikuwa Migori. Nilijaribu kulegeza ule waya kwa mikono, wapi!

"Leta koleo!" nikapiga kelele. "Kimbia!"

Mokeira alienda mbio. Kurudi, alikuja akitembea.

"Wewe mtoto, unatembea harusini? Kimbia!"

"Shangazi alisema nisikimbie nalo, Mama. Hata likiwa limefungwa."

Akafika, akapiga magoti, akanitazama. Koleo bado halijafunguliwa.

"Ni Sabato. Nifungue?"

Ndama alikuwa ametoa ulimi. Nikasema, "Fungua, mwanangu. Mungu anaona mguu huo."

Alipolifungua nikaona anachelewa, nikanyoosha mkono nimpokonye. "Lete! Tumia kisu!"

"Mama, umeingia kwa duara." Hakupaza sauti. "Kisu hakikati waya. Kitateleza kiingie kwa mguu. Wewe mshike kichwa. Nipe leso."

Nikampa. Nikashika kichwa cha ndama kama nilivyoambiwa, mimi niliyemzaa msichana huyo! Alifunika waya kwa leso ili ncha isiruke machoni, akageuza uso, akabana sehemu iliyo mbali na ngozi, waya ukiwa ndani kabisa ya mdomo wa koleo. Akabana tena. Tena. Waya ukalia *tak*, akauvua mguuni. Ndama akasimama kwa miguu mitatu, kisha ule wa nne akaukanyagisha taratibu.

Mokeira alihesabu vipande vya waya, akaviweka kwa mkebe, akafuta koleo, akalikunja. Akanipa mimi.

"Weka, Mama. Sabato haijaisha."

Jua lilipozama nilimrudishia mwenyewe. Fundi wangu huyo! Lakini woga sijauacha, na wewe mzazi usiuache. Epuka haya:

Kumpa mtoto koleo kabla hajafundishwa.
Kulifungua akiwa amesimama katikati ya wenzake.
Kukimbia nalo.
Kulipeleka shuleni.
Kukata akivuta upande wake.
Kukata waya kwa kisu, au bila kufunika ncha.
Kuliacha wazi penye watoto wadogo.
Na wewe mama, kumpokonya likiwa wazi mkononi mwake.