Linux ya Baba

Kompyuta ya baba ilipogoma kupokea Windows mpya, kimoyomoyo nilifurahi. Nilikuwa nimepata pa kutupia lawama.

Baba alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akawa ndiye mwandishi wa barua wa mtaa: maombi ya kazi, malalamiko ya maji kukatika, salamu za rambirambi. Alikuwa akipiga herufi huku anamtazama mtu usoni, wala hakosei. Ila mwaka ule barua zake zikaanza "kupotea" na alama kwenye kioo zikawa "zinahama".

"Mashine imezeeka, mwanangu," alisema. "Inanichezea shere."

Mimi ni mshonaji, kompyuta naijua juujuu tu. Nikaipeleka kwa Fundi Miwani, dada mtengeneza kompyuta ambaye duka lake linatazamana na cherehani yangu.

"Windows mpya haiwezi kuibeba," aliniambia. "Na hii ya zamani haipati tena marekebisho ya usalama. Lakini mashine yenyewe nzima. Muwekee Linux."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mfumo kama Windows, ila wa bure, na uko wa namna nyingi. Ukiingia humo bila mpango, utatoka na kizunguzungu. Mzee anafanyia nini?"

"Barua. Na kucheza karata."

"Basi achague mwenyewe." Akanipa flashi tatu, kila moja na namna yake ya Linux: Ubuntu, Zorin na Mint. "Unachomeka, unawasha, anajaribu. Vitu vyake vya ndani haviguswi. Usimsaidie sana, dada. Angalia ni wapi mkono wake unakwenda wenyewe."

Jumamosi asubuhi tukakaa mezani. Tulianza na Ubuntu. Baba akaona alama zimejipanga wima upande wa kushoto, akacheka. "Nani kazianika hizi?" Hakuona pa kuanzia. Nikaandika kwenye daftari: Ubuntu, hapana. Mambo yanakwenda, nikajiambia.

Zorin aliipenda. Akafungua menyu vizuri kabisa, kisha mkono ukasimama.

"Nilikuwa natafuta nini?"

"Karata, baba."

"Aa, karata." Akafunga menyu.

Nikachomeka Mint. Menyu ilikuwa pale pale alipoizoea, chini pembeni. Nikamfungulia ukurasa mtupu. "Andika chochote."

Akaandika jina la shule, sanduku la posta, kisha tarehe. Ilikuwa tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita. Halafu akabaki anaikodolea macho kibodi.

"Herufi wamezipanga vibaya, hawa."

Kibodi ilikuwa ileile. Flashi haihamishi herufi. Nikaichomoa, nikaizima kompyuta, nikaiwasha tena na Windows yake ya siku zote, yenye picha ya marehemu mama kioo kizima.

"Haya, baba. Hii yako. Nionyeshe unavyofungua barua."

Kiganja chake kilikuwa juu ya kipanya, hakisogei. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mgeni asiyetaka kumuudhi mwenyeji:

"Hii nayo nzuri. Ila sijawahi kuitumia."

Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili asinisikie. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Usilie, mwanangu. Wewe chagua yoyote. Nitajifunza."

Wiki iliyofuata daktari aliutaja ugonjwa wa kusahau kwa jina lake. Kaka yangu alipiga simu kutoka mbali, akanifokea: mbona sikuona mapema, na mimi ndiye ninayeishi naye? Ningemwambia kwamba karibu mwaka mzima nilikuwa naigombeza kompyuta?

Fundi Miwani alinakili barua zote, elfu moja na mia nne na ushee, kisha akaweka Mint. Hakunilipisha. Alimfutia baba vumbi kwenye kioo, akamwambia, "Mzee, mashine yako imepona," kisha akatoka upesi upesi.

Kila asubuhi nilimfungulia baba ukurasa kabla sijakaa kwenye cherehani. Mwezi wa kwanza aliandika mistari miwili mitatu inayosomeka. Mwezi wa pili yakawa maneno, mengine yamerudiwa mara ishirini. Mwezi wa tatu alikuwa anabonyeza kitufe kimoja, anatazama herufi zinavyokimbia hadi ukingoni, anatabasamu. Nilihifadhi kila ukurasa. Sijui nilikuwa namhifadhia nani.

Siku moja ya mwezi wa nne alikaa mbele ya kioo, mikono mapajani, hakugusa kitu. Akaniita kwa adabu.

"Samahani, dada. Kazi imekwisha? Naweza kwenda nyumbani?"

"Uko nyumbani, baba."

Akatazama mapazia, akatazama mlango.

"Ahsante sana," akasema.

Nikaizima kompyuta, nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.