Sauti ya Lorna

Arvid alipofiwa na mkewe Solveig, alimpigia Lorna wa duka la dawa, aliyezoea kupokea simu zake miaka yote. Alilia kwenye simu, na ile sauti ya upole ikampa pole taratibu mpaka akatulia.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Ilikuwa sauti ileile. "Habari, Arvid. Dawa za Solveig ziko tayari. Mwambie aje azichukue."

Arvid akavaa koti, akakanyaga theluji ya mji wa Duluth, Marekani, hadi dukani.

"Lorna yuko wapi? Amesahau kwamba nimemzika mke wangu?"

Craig, mwenye duka, akainamisha kichwa. "Lorna alishaacha kazi kabla ya msiba wako, mzee. Ile ni akili bandia. Tuliipa sauti yake, kwa ridhaa yake, ili wateja wasihisi mabadiliko."

"Kwa hiyo niliililia mashine."

"Samahani, mzee wangu."

"Ungeniambia ni mashine, ningeagiza dawa nikakata simu. Yale mengine ningemwambia mtu."

Craig akamfungia dawa zake za presha. Arvid akaziacha palepale kaunta. Tangu siku hiyo hununua dawa kwenye duka jingine, ng'ambo ya daraja, na simu ya nyumbani ikilia huiacha ilie, hata anapopiga binti yake.