Gawio la Marehemu Rabia

Huo ulikuwa mwaka wa nne Rabia anatoka Matambarale kwa miguu kwenda Ruangwa kudai gawio lake, na mwaka wa nne anakaribishwa chai. Chai tu. Kama shida yake ingekuwa kiu, angebaki kwake akanywa maji ya mtungini.

"Karibu, shemeji, kaa," alisema Mikidadi, mwenyekiti wa Shirika la Subira. "Mwaka huu tumepata faida nzuri sana."

"Alhamdulillahi. Nipe fungu langu."

"Faida haiguswi, shemeji. Faida inazaa."

Rabia na marehemu mumewe, Bashiri, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutia fedha katika Shirika hilo, wakati kambi ya karanga ya Nachingwea ilipofungwa na vibarua wakarudi makwao na vijiakiba vyao. Walikubaliana kuchanga, watie fedha katika biashara ndogondogo, faida ikija wagawane. Wakaanza na mkahawa huu wa Ruangwa. Mkahawa ulipopata faida, Mikidadi akaipeleka kwenye cherehani ya fundi mmoja wa Nachingwea. Cherehani ilipopata faida, akaipeleka kwenye kinu cha kukamua ufuta kule Mtua. Sasa kinu nacho kinaingiza, na Mikidadi anazungumzia baiskeli za kukodisha. Kila mwanachama alikuwa na sehemu katika kila kitu, na hakuna aliyekuwa na senti mkononi.

Mikidadi aliwahi kuwa karani kambini, na huko ndiko alikopata elimu yake ya fedha. Mzungu wake alimfundisha kwamba mwenye akili hali faida. Rabia alitamani kujua huyo Mzungu mwenye akili yuko wapi sasa, maana matrekta yake yalikuwa yanaota kutu porini.

"Shemeji, nisikilize," alisema, akijilazimisha asipandishe sauti. "Bashiri alipougua niliweka rehani mikorosho yetu kwa Kaimu. Mwezi ujao itatoa maua. Ikitoa maua ikiwa bado mkononi mwa Kaimu, korosho za mwaka huu ni zake, kama za mwaka jana na mwaka juzi. Mimi nina watoto. Niwapikie kinu cha Mtua?"

"Subira, shemeji. Mwakani."

"Hiyo mwakani uliisema mwaka jana."

"Kanuni ni kanuni. Anayelipwa fungu lake ni mwanachama aliyefariki tu, ili azikwe kwa heshima, kama tulivyomzika Bashiri kwa lake. Na wewe, Alhamdulillahi, mzima." Akatabasamu kama aliyempa zawadi.

Rabia aliiacha chai mezani akatoka. Ukidhulumiwa na mwizi unapiga yowe, watu wanakuja. Ukidhulumiwa na mtu mwema anayekukaribisha chai, utamlilia nani?

Sokoni alikutana na Selestini, muuza tumbaku, mtani wake, ambaye hajawahi kumwacha apite bila kumtukana.

"Mbona uso umekukunjamana hivyo? Umekufa?"

"Ningekufa ningelipwa," Rabia alijibu, akamweleza yote.

Selestini aliacha kucheka, jambo ambalo si kawaida yake. "Sasa watani tuko wa nini? Nipe hiyo khanga yako ya juu. Wewe kaa hapa nyuma ya magunia, usionekane. Maiti haitembei."

Kila mtu wa upande ule anaijua kazi ya mtani msibani. Yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu, akaiga sauti yake, akalala njiani jeneza lisipite, mpaka wafiwa wacheke na watoe kitu. Kumfukuza ni mkosi, kumkasirikia ni aibu. Ila hakuna aliyewahi kuona mtani akianza kazi kabla ya kifo.

Selestini alivuka njia akajilaza kizingitini pa mkahawa uliotazamana na soko, amejifunika khanga ya Rabia mpaka kidevuni, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. "Shemeji Mikidadi, nimekufa nikikusubiri. Nipe fungu langu ninunuliwe sanda. Au utanizika kwa majani ya chai?"

Wateja walisimama nje. Wengine walicheka, na wanawake wawili wakampokea kwa kilio cha msiba. Hakuna aliyethubutu kumruka, kwa kuwa marehemu harukwi. Jikoni chai ilichemka hadi ikakauka. Mikidadi alimsihi, akampa senti hamsini za utani. Selestini alizipokea, akaendelea kufa.

"Rabia yu hai," Mikidadi aliwaambia watu. "Nimezungumza naye asubuhi hii."

"Kwa hiyo mwakani yako ndiyo imeniua," alisema maiti.

Adhuhuri ilipofika, Mikidadi aliingia ndani, akatoka na fedha zote za Rabia, mtaji na faida, akazitua juu ya khanga mbele ya watu. "Haya. Kwa Shirika hili, Rabia amekufa. Asije kudai tena." Alizitazama kama mtu anayezika mwanawe, na Rabia, aliyekuwa akichungulia kutoka nyuma ya magunia, alimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Selestini alimkabidhi Rabia zote, akabaki na senti hamsini zake. Jioni ile ile Kaimu alipokea deni lake kwa uso uliokunjwa, na mikorosho ikarudi kwa wenyewe kabla haijatoa ua hata moja.

Mwaka uliofuata wanachama wengine walianza kuulizana watani wao wako wapi. Mikidadi alipopata habari hizo alitangaza gawio, la kwanza tangu Shirika lianze. Watu walitoka mpaka Mtua kuja kulipokea. Zaitun, jirani yake Rabia, alirudi na lake akapitia kwake, akiona haya.

"Nilikutaja," alisema. "Mwenyekiti anasema marehemu hapati gawio."

Ilimuuma Rabia, tena sana. Mlango aliufungua yeye, wakapita wenzake. Aliwatazama wanawe waliokuwa wakigombania korosho za kuchoma, kisha akamsogezea Zaitun ungo.

"Msalimie sana," alisema. "Mwambie marehemu anakula."